Pete Zinaanzia Wapi

Ketaki, wifi yangu, weka ufagio chini.
Huyo ukutani, juu ya picha yenu ya harusi,
anamfuata mjusi, hakufuati wewe.
Mwangalie. Usimsogelee, macho hayahitaji miguu.
Pete zake zinaanzia wapi?

Sema kwa sauti ujisikie: shingoni.
Pana huko mbele, rangi ya maziwa yaliyochacha,
kisha zinafifia kadiri mwili unavyoteremka
hata mkiani ni hudhurungi tupu,
kama sari iliyosuguliwa upande mmoja.
Huyo hana sumu ya kukudhuru.
Ukimshika atakuuma, utatoka damu kidogo,
utamtukana, basi.

Chiti ndiye mwingine.
Mweusi wa kung'aa, kama mwavuli uliolowa.
Shingo yake tupu; pete zinachelewa kuanza,
nyembamba, mbili mbili, mistari ya daftari,
na kuelekea mkiani ndipo zinapokolea.
Mgongoni ana safu ya magamba makubwa, kila gamba pembe sita,
lakini hayo usiyatafute:
anayeweza kuhesabu pembe amekaribia mno.
Tena wako chiti wasio na pete hata moja.
Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa ndiye.

Mchana ni mpole mpaka unamwonea haya.
Juzi, mvua za Ashadha zilipoanza,
niliinua gunia la mpunga nikamkuta.
Akajikunja, akaficha kichwa chini ya mwili wake
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Jirani yetu Pravati akasema, ona, huyu hata kuuma hajui.
Nikamwambia, rudi saa sita usiku umuulize.

Usiku ndipo anapotembea.
Panya wanafuata mpunga,
mpunga tunalala nao chumba kimoja,
naye anafuata panya.
Mtu anajigeuza usingizini, mkono unamwangukia.
Hakuna ugomvi hapo, Ketaki.
Hakuna aliyemkosea mwenzake.

Kaka yetu Dibakar alilala sakafuni kwa ajili ya joto.
Saa tisa aliamka akasema, tumbo.
Tukampa maji ya tangawizi.
Hapakuwa na uvimbe, hapakuwa na jeraha la kuonekana;
alikumbuka kitu kama chungu, sikioni, au shingoni, hakuwa na hakika.
Alfajiri kope zikamshuka.
Akawa anazinyanyua kwa vidole
ili atuone.
Tukampeleka kwa mganga wa Balipada
aliyempulizia na kumwimbia saa tatu nzima.
Hospitali, ambako dawa imo ndani ya jokofu,
ni dakika arobaini kwa pikipiki.
Hesabu hiyo naifanya mpaka leo
na haijawahi kunitokea sawa.

Aliyeumwa na nyoka, husemwa, akiona ung'ongo hushtuka.
Dibakar hakupata siku ya kushtuka.
Tulishtuka sisi kwa niaba yake, kila ung'ongo, kila kamba ya ng'ombe.
Tukaua dhamana, mla panya wetu mkubwa.
Tukaua dhanda wa mtaroni, mwenye hasira nyingi na sumu sifuri.
Kumi na saba kwa msimu mmoja, mimi nikiwa na jembe.
Panya wakazidi.
Na anayefuata panya
nimekwisha kukuambia.

Ah, tazama, amemkosa mjusi!
Akshaya naye anacheka pale mlangoni, mume gani huyu.
Mwache apenye kwenye vigae.

Wewe njoo nikuonyeshe chandarua.
Kwenu Kataka mnakishusha kwa ajili ya mbu;
hapa unakichomeka chini ya godoro, pande zote nne,
kama barua usiyotaka ifunguliwe njiani.
Tochi inakaa hapa, mkono wa kulia.
Viatu vikung'ute.
Na ukiamka usiku tumbo linakukata bila sababu,
usinionee haya kwa kuwa ni mgeni, usingoje kupambazuke.
Niamshe.
Amsha hata ng'ombe.